Nafasi ya Mume: Uchambuzi wa Kisa cha Wapenzi Wawili wa Jukwaa

Kisa hiki nilisimuliwa na wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wawili wameniruhusu kukiandika kwa sharti kwamba nisitaje majina yao, wala kikundi, wala mchezo uliohusika. Kwa hiyo mmoja nitamwita karani, kwa kuwa ndiyo kazi yake katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na mwenzake nitamwita fundi, kwa kuwa hushona nguo nyumbani kwao Majengo. Mimi nimewahi kukaa pande zote mbili za meza ya majaribio, yaani ya kuchagua waigizaji: nimeachwa mara nyingi kuliko nilivyochukuliwa, na baadaye kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa wale wanaoshika kalamu na kuwaacha wengine. Nalisema hili mapema ili msomaji asinidhanie mwamuzi asiye na upande.

Walikutana Little Theatre Club, hapa kisiwani Mombasa, usiku ambao mvua iliwazuia watazamaji mlangoni baada ya mchezo kwisha. Karani alikuwa akimlalamikia rafiki yake kwamba mhusika mkuu aliwapa watu mgongo kila alipofika penye uchungu. Fundi, ambaye hakumjua, akaingilia kusema kwamba mgongo ule ndio uliomliza. Mabishano hayo hayajaisha hadi leo, na kwa miaka mitatu ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao kwa sehemu kubwa: kutazama mchezo, kutoka, kwenda Mama Ngina, kando ya bahari, na kuuchambua kipande kwa kipande wakila mihogo ya kukaanga. Wote wawili walikuwa wamepanda jukwaani walipokuwa wanafunzi, katika tamasha za drama za shule na vyuo, ambazo nchini Kenya zimekuwapo tangu 1959, lakini tangu wamalize shule hakuna aliyekuwa amejaribu tena. Hilo la tamasha nitalirudia, kwa sababu nadhani sehemu ya kisa ilianzia huko.

Kikundi kimoja cha hapa Pwani kikatangaza majaribio ya tamthilia ya Kiswahili iliyokuwa ikitahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili nchini Kenya. Kwa asiyeijua kazi hii, vikundi vya aina hiyo huizungusha tamthilia teule shuleni. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne hulipa kiingilio kidogo, huketi katika ukumbi wa chakula au chini ya mwembe, na mchezo huchezwa asubuhi ya siku ya masomo kabla kikundi hakijakimbilia shule ya pili. Waigizaji husafiri kwa matatu ya kukodi yenye viti 14, na ukishatoa viti vinavyoliwa na ngoma, maleba, spika na vifaa vya jukwaani, hubaki nafasi ya watu tisa au kumi, ambao hao hao lazima wagawane wahusika wote wa kitabu. Aliyekuwa mzee wa mtaa katika onyesho la kwanza huwa polisi katika la nne. Msomaji ayashike mambo mawili, asubuhi na viti, kwa kuwa karani hakuyashika.

Karani aliitaka nafasi ya mume, fundi akaitaka ya mke. Kwa wiki tatu walijizoeza pamoja mpaka kila mmoja akayajua maneno ya mwenzake sawa na yake, na walipoingia ukumbini walijiona kama chanda na pete. Siku hiyo mwelekezi hakuwaruhusu wasome pamoja hata mara moja. Nami ningefanya vivyo hivyo, maana wapenzi wakisoma pamoja huwezi kupambanua unachokiona, kama ni uigizaji au ni mazoea.

Orodha ilitumwa saa moja jioni katika kundi la WhatsApp, ikiwa ni picha ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono, na karani aliipata akiwa ndani ya feri ya Likoni akirejea kwao. Aliikuza picha kwa vidole viwili mpaka mwandiko ukawa madoa, akashuka nayo kutoka juu hadi chini, kisha akapanda tena. Jina la fundi lilikuwa la tatu. Lake halikuwapo. Feri ya saa hiyo si mahali ambapo mtu atapata pa kuinamia: mbele yako pana mgongo wa mtu, nyuma yako pana mkokoteni, na huna pa kwenda mpaka chombo kifike ng'ambo. Aliposhuka akapiga simu, akasema "Hongera" kabla hajaulizwa lolote, na fundi akamjibu kwa neno moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililozaa matata mengi kuliko orodha yenyewe: "Wamekuonea."

Kulikuwa na jambo ambalo fundi hakulisema. Siku nne kabla ya orodha alikuwa ameitwa mara ya pili, peke yake, akasomeshwa na kijana mwingine ambaye ndiye aliyepata nafasi ya mume. Hakumwambia karani, kwa sababu alitaraji kwamba naye angeitwa siku nyingine. Karani alikuja kulijua kupitia picha aliyoiweka yule kijana, na hilo, aliniambia, lilimuuma kuliko orodha.

Katika wiki ya pili ya mazoezi fundi alimwomba amsikilize maneno. Lilikuwa ombi la kawaida kati yao, wala hakuona sababu ya kulifikiria mara mbili. Waliketi Mama Ngina, kwenye ukingo unaotazama bahari, karani ameshika skripti na fundi amefumba macho. Kila alipokwama, karani alimpa neno moja la kumwanzisha, kama inavyotakiwa. Fundi aligundua baadaye kwamba skripti ilikuwa imekunjwa gotini na mwenzake hakuwa akiitazama. Walipofika penye ugomvi wa mume na mke, fundi akakwama kwa mara ya pili mahali pale pale, na karani, badala ya kumpa neno la mke, akalitoa jibu la mume, lote, kwa sauti ya ukumbini, hata watu waliokaa kando wakageuka na muuza mihogo akasita na kisu mkononi. Fundi akafumbua macho akasema, "Hapo si pako." Alimaanisha kwamba zamu ya mume ilikuwa haijafika. Karani akamrudishia skripti, akamaliza mihogo yake, akamsindikiza hadi kwenye tuktuk, na kwa siku tisa hakuutaja mchezo.

Siku ya kumi akaja na neno jipya: "Mamangu hatakubali." Nyumba mbili hizi zilikuwa zinajuana, na mazungumzo ya posa yalikuwa yameanza chini kwa chini. Mama yake, alisema, atawaambiaje watu kwamba binti anayekwenda kuposwa anaitwa mke wa mtu na kushikwa mkono mbele ya wavulana wa kidato cha nne? Fundi hakujibu, kwa sababu huku kwetu hoja ikishaletwa kwa jina la mama, anayeijibu huonekana anambishia mama mwenyewe. Hapo ndipo karani alipokuja kwangu kuuliza kama ni haki amtake mwenzake ajitoe.

Nilimuuliza swali moja tu: lau wangekuchukua wewe, mamako angekubali? Alikaa kimya, akauzungusha mkanda wa saa yake, kisha akacheka bila furaha. Angekuwa binti yule yule, anashikwa mkono ule ule, mbele ya wavulana wale wale. Na kwa kipimo cha heshima ambacho mama yake angekitumia, mkono wa mchumba ambaye hajaoa hauna uhalali zaidi ya mkono wa mwigizaji mwingine. Lakini wiki zote tatu za kujizoeza neno hilo halikutajwa. Sisemi kwamba heshima ya nyumba ni kitu cha kupuuzwa. Ziko familia ambazo jukwaa kwao ni mwiko, na vijana wao hujua hivyo kabla hawajajaza fomu ya majaribio. Kilichonishtua ni kwamba mwiko huu ulizaliwa baada ya orodha. Karani alikuwa ameazima heshima ya mama yake ili aufunike uchungu wake mwenyewe, na aliazima bila kumuuliza mwenye mali.

Wivu ulikuwapo, bila shaka, naye hakuukana. Ila nadhani tukisema ni wivu tu tutakuwa tumemaliza uchambuzi mapema mno, kwa sababu hilo la mama halikuwa vazi la kwanza alilouvisha uchungu huo. Kabla yake alikuwa ameuvisha la lafudhi. Karani ni Mvita wa kuzaliwa, mtu ambaye nyumbani kwao macho ni mato, njia ni ndia na mchele ni mtele, na alishikilia kwamba aliachwa kwa sababu mwelekezi alitaka Kiswahili cha kitabuni. Aliniambia kwa uchungu kwamba amekataliwa kwa Kiswahili na watu waliokikuta Kiswahili kwao. Hoja hiyo ina mizizi ya kweli katika historia, na sikumlaumu kuikimbilia: ni hapa hapa Mombasa, katika mkutano wa mwaka 1928, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, pamoja na utajiri wake wote wa mashairi, kikaachwa. Mvita aliyeachwa kwenye majaribio akiukumbuka mkutano ule hutaka kuamini kwamba ni karamu ile ile, na kwamba hata mara hii kilichofungiwa mlango ni lugha ya watu wake.

Nilimshauri amwandikie mwelekezi, asimuulize kwa nini alimwacha, bali amuulize afanye nini ili afikiriwe tena. Swali la kwanza humfanya mwenye kalamu ajitetee. La pili humfanya afikiri. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, na lilikuwa fupi. Sauti yake ilipendwa. Lakini katika fomu, palipoulizwa kama anapatikana asubuhi za Jumatatu hadi Ijumaa, alikuwa ameandika "nitaomba ruhusa kazini", na kikundi cha watu wachache wanaoishia katika matatu moja, kila mmoja akiwa amebeba wahusika wawili au watatu, hakiwezi kumtegemea mtu ambaye ruhusa yake iko mezani kwa meneja. Fundi hufanya kazi kwa saa zake mwenyewe, na juu ya hayo angeweza kuyatengeneza maleba yakichanika njiani. Hakuna lililosemwa kuhusu mato wala ndia.

Ningetarajia jibu hilo limtulize. Halikumtuliza; kwa siku kadhaa lilimuudhi zaidi, na kuudhika huko ndiko kulikonifunza jambo lililonifanya nikiandike kisa hiki. Lafudhi ilikuwa sababu yenye fahari. Mtu aliyeachwa kwa ajili ya lugha ya mababu zake ameshindwa pamoja na mababu hao, na kushindwa kwa namna hiyo kuna utukufu wake. Heshima ya mama nayo ni sababu yenye uzito, hata kikao cha wazee kingeisikiliza. Lakini mstari mmoja katika fomu, ulioandikwa haraka kwa kalamu ya kuazima! Mtu hupenda jeraha lake liwe na ukubwa unaolingana na maumivu yake, na akiambiwa kwamba kilichomjeruhi ni kitu kidogo, huona kana kwamba hata maumivu yamedharauliwa. Nimeyaona haya kwa wengi, na kwangu mwenyewe. Mwaka mmoja mzima niliamini kwamba niliachwa kwa sababu ya siasa za kikundi, hadi nilipokuja kujua kwamba maleba ya mhusika yule yalikuwa yameshashonwa na hayakunienea.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye tamasha za shule. Mtoto aliyelelewa na tamasha zile amezoea kwamba mchezo ukiisha, mwamuzi husimama na kueleza: sauti ilipotea hapa, mwingilio ulichelewa pale, na alama ni hizi. Hata anayeshindwa hurudi nyumbani na sababu mkononi. Majaribio ya watu wazima hayana mwamuzi wa kusimama. Kuna orodha, na aliyekosekana humo hapewi hata sentensi moja, basi huijaza nafasi ya mwamuzi kwa sauti yake mwenyewe, na sauti hiyo huwa kali, au huwa na makuu, kuliko mwamuzi yeyote wa kweli. Nadhani kila mwelekezi anapaswa kuwaandikia watu alioishia kuwaacha angalau mistari miwili. Mimi nilipokuwa na kalamu sikufanya hivyo, nami nasikitika.

Sasa fundi. Yeye alikuja wiki moja baada ya karani, akiwa na malalamiko ambayo kwanza sikuyaelewa: "Nimemuunga mkono tangu siku ya kwanza, na kila nikimuunga mkono ananikimbia." Nilimwomba anitajie maneno aliyotumia, akanitajia lile la kwanza, Wamekuonea, na akaongeza kwamba alilirudia mara nyingi. Lilikuwa neno la upendo, wala sina shaka. Lakini kuonewa ni jambo lenye mtu wa pili. Ukionewa, yuko aliyekuonea. Huzuni ya kuachwa, ambayo kwa kawaida hupoa ikilala siku kadhaa, ikapewa adui, na adui huyo akawa mwelekezi yule yule ambaye fundi alikwenda kwake kila jioni na kurudi akiwa amechangamka. Zaidi ya hayo, ikiwa wenye kalamu walikuwa madhalimu, basi nafasi ya fundi nayo imetoka katika mikono ya madhalimu. Karani hakuwahi kulitamka hilo, lakini kila fundi alipoyasifu mazoezi, masikio yake yalisikia kwamba mwenzake amehamia upande wa pili. Lugha yetu ina neno pole, ambalo halimhukumu yeyote wala halimtafuti mkosaji, na usiku ule lingetosha kabisa. Nilipomwambia hivyo fundi alisema kwamba pole aliiona ndogo mno. Tena ni jambo lile lile: wote wawili walikuwa wakitafuta kitu kikubwa.

Kuhusu kumsikiliza maneno, sikuwa na ushauri wa busara nyingi. Kumpa mtu skripti ya nafasi aliyoikosa, ambayo ameikariri mpaka hahitaji kuitazama, na kumtaka awe mnong'onezi wa mwingine, ni kumketisha kizani pembeni mwa jukwaa lake mwenyewe. Fundi ana mdogo wake aliye kidato cha pili. Tangu siku hiyo ndiye anayemsikiliza, na inasemekana ni mkali. Ile sentensi ya "Hapo si pako" walikuja kuizungumza wenyewe, na nilishangaa kwamba fundi hakuwa na habari hata kidogo kwamba iliumiza. Alikuwa ameisahau.

Jambo gumu lilikuwa kumfanya karani aseme sentensi moja bila kuivika kitu: kwamba aliitaka nafasi ile, hakuipata, na bado anaitaka. Ilimchukua majuma mawili. Kabla ya hapo kila alipoanza ilimtoka ama Kimvita ama mama. Alipoisema hatimaye, aliisema kwa simu, akiwa katika feri, na anadai kwamba kelele za injini zilimsaidia. Fundi naye akamweleza habari ya kuitwa mara ya pili na kwa nini aliificha. Nilikuwa nimewatahadharisha kwamba hayo hayataondoa uchungu wote, na kweli hayakuondoa. Karani hajajaribu tena mahali popote hadi ninapoandika haya, na sioni kwamba ana deni la kujaribu.

Lililobaki lilikuwa la mama. Nilisema kwamba heshima iliazimwa bila mwenye mali kuulizwa, na fundi, ambaye ni mjasiri kuliko sisi sote, akaamua kuuliza. Kikundi kilikuwa na onyesho moja la Jumamosi, lililowakaribisha wazazi, katika ukumbi wa shule moja upande wa Likoni, naye akaenda mwenyewe nyumbani kwa mama huyo na kumwalika. Mama alikuja na jirani zake wawili, wakaketi safu ya pili. Karani alikaa nyuma kabisa, na ananiambia kwamba muda wote hakuitazama sana jukwaa bali kisogo cha mama yake. Palipo ugomvi mama alicheka kwa sauti. Palipo na matanga ya mume alitikisa kichwa mara kadhaa, na karani akajua kwamba sasa neno linakuja.

Lilikuja wakiwa mlangoni. Mama alimshika fundi mkono, akamsifu, kisha akamuuliza nani aliyemfunga leso ile kwenye matanga, kwani ile jina lake ni la kumpongeza bi harusi, na hakuna mjane duniani anayekaa eda na leso ya harusi, hata kama wavulana wa kidato cha nne hawajui kuisoma. Kuhusu kuitwa mke wa mtu hakuwa na la kusema. Fundi, ambaye alikuwa ameichagua leso hiyo kwa rangi zake bila kulisoma jina lake, aliona haya kuliko angeambiwa kwamba ameigiza vibaya.

Jumatatu jioni, baada ya kazi, karani ndiye aliyetumwa Biashara Street kutafuta nyingine. Alikaa dukani karibu saa nzima akifunuliwa leso moja baada ya nyingine, akisoma majina na kuyakataa, mpaka muuzaji akachoka akamuuliza huyo mjane ni mjane wa namna gani, aliyempenda mumewe au aliyemchoka. Karani akasema kwamba hilo haliwezi kujibiwa kwa neno moja. Akamsimulia mchezo wote, tangu onyesho la kwanza, kwa maneno ya mume na ya mke, na muuzaji, huku leso zimemjaa mikononi, hakumkatiza.